Vidole vinakata moto kabla ya sebene kuisha: nguvu na kasi kwenye gitaa la besi

#1 KidoleChaMwisho (Malindi)

Habari za usiku wadau. Mimi niko Malindi, huku Maweni. Napiga besi kanisani, na mara mojamoja kuna bendi ya hotelini hunikamata mpiga besi wao akikosa. Rumba ya taratibu naimudu. Bango, muziki wetu wa Pwani, naimudu. Shida ni sebene, ile sehemu ya wimbo inayokimbia na kuchezesha watu. Wimbo ukishafunguka, watu wamesimama, mapambio yanaunganishwa moja baada ya jingine bila kupumua, basi baada ya dakika chache mkono wa kushoto unakaza kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Kidole cha mwisho kinagoma kabisa. Mkono wa kulia nao unaanza kubaki nyuma, na mpiga dramu ananitupia lile jicho mnalolijua.

Nimeambiwa ninunue ile springi ya kukamua kwa kiganja wanayotumia watu wa gym. Mwingine kaniambia niachane na vidole nitumie piki, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi. Mwingine kasema mikono yangu midogo, nirudi kwenye kinanda. Besi yangu ni ya nyuzi 4, shingo ndefu ya kawaida, na nyuzi ni zile zile zilizokuja nayo dukani.

Wenye uzoefu nielezeni: nguvu ya vidole inajengwaje, na kasi inatoka wapi?

#2 Sebene_Tu

Springi nunua, usisikilize mtu. Na ubebe ndoo za maji. Besi ni kazi ya kiume.

#3 MzeeWaBango (Malindi)

Huyo wa juu msamehe bure. Carol Kaye, mama wa Kimarekani, alipiga besi kwenye rekodi nyingi mno za studio za Los Angeles miaka ya 1960, tena kwa piki, na wanaume wengi wa zama hizo hawamfikii. Kwa hiyo piki si aibu na uanaume hauhusiki hapa.

Mwanangu KidoleChaMwisho, kabla hujatoa shilingi mfukoni fanya jambo moja. Keti, chomeka besi kwenye amplifaya. Weka kidole cha kati cha mkono wa kushoto juu ya uzi wa D (kutoka mnene kwenda mwembamba nyuzi ni E, A, D, G), freti ya 7, yaani chuma cha 7 kati ya vile vinavyokatiza shingo. Usikandamize, gusa tu. Sasa piga kwa mkono wa kulia. Utasikia "tup", sauti mfu. Ongeza nguvu kidogo sana, piga tena. Bado tup. Ongeza kidogo. Sasa inakuja sauti ya kukwaruza, nusu noti nusu kelele. Ongeza tena kiduchu, na noti inafunguka safi. Simama hapo hapo, usiongeze. Hiyo ndiyo nguvu yote ambayo noti ile inataka kwako. Hakuna noti inayolipa zaidi ukiikamua zaidi. Sana sana uzi unavutika na unatoka nje ya sauti.

Halafu kumbuka unavyokamata shingo ya gitaa sebene ikichemka. Nina hakika unaikaba.

Rudia hilo hilo, lakini kidole kikiwa katikati ya nafasi kati ya freti mbili, kisha kikiwa nyuma kabisa ya chuma cha freti, karibu kukigusa. Utaona kule katikati unahitaji kukaza zaidi ndipo noti itulie. Sasa zidisha tofauti hiyo kwa mamia ya noti za wimbo mmoja. Uchovu wako mwingi umelala pale.

Dole gumba nalo. Wengi hudhani besi inabanwa baina ya gumba na vidole, mtu anaibana mpaka gumba linakuwa jeupe. Jaribu kupiga skeli moja polepole bila gumba kugusa shingo kabisa. Mkono wa kulia uliolala juu ya mwili wa gitaa unalizuia lisizunguke, na mkono wa kushoto unavuta kwa uzito wake wenyewe kuelekea nyuma. Inawezekana! Ukirudisha gumba baadaye, lirudi kama mgeni: linakaa nyuma ya shingo, mkabala na kidole cha kati hivi, halina kazi kubwa.

Upande wa kulia jibu ni fupi. Fungua sauti ya amplifaya, punguza mkono. Mtu anayepiga kwa nguvu huku sauti imefungwa anafanya kazi ya umeme kwa misuli yake, na umeme tumeshaulipia tokeni.

Mazoezi nitayaleta. Kwanza nataka kujua uzi wako uko juu kiasi gani kutoka kwenye freti.

#4 Mwana_Wa_Watamu

Naweka kambi hapa. Hili la gumba nimelijaribu sasa hivi, mkono umetetemeka kama wa mlevi lakini noti zimetoka.

#5 Mkono_Salama (Malindi)

Naingilia kidogo kwa sababu kazi yangu ni fiziotherapia na wanamuziki wa mahotelini hunijia, kwa kawaida wakiwa wameshachelewa.

Misuli mikubwa inayokunja na kunyoosha vidole haimo vidoleni. Imo kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na inavuta vidole kwa kano ndefu. Shika kigasha chako cha kushoto kwa mkono wa kulia kisha chezesha vidole, utaihisi ikitembea chini ya ngozi. Ndiyo maana ndugu yetu anasema uchovu unapanda kuelekea kiwiko. Kiganjani kuna misuli midogo, hiyo ni ya kutanua vidole na kuvipeleka huku na huku.

Kano za kukunja vidole zinapita kwenye kifundo cha mkono ndani ya njia nyembamba, na zinapita pamoja na neva inayohudumia dole gumba, shahada, kidole cha kati na sehemu ya kidole cha pete. Ukikunja kifundo sana huku unakaza vidole, unabana kila kilichomo humo. Kwa hiyo, vijana mnaoning'iniza besi magotini mkitaka kupendeza: mkanda upande. Kipimo chepesi ni kwamba besi ukiwa umesimama ikae pale pale inapokaa ukiwa umeketi.

Kuhusu kidole cha mwisho, hakuna aliyekulaani. Laza kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, kisha jaribu kuinua kidole cha pete peke yake. Hakiinuki, au kinainuka kwa shida. Nyuma ya mkono kano za vidole zimeunganishwa, na kidole cha pete ndicho kilichofungwa zaidi. Cha mwisho nacho kinamfuata jirani yake. Mazoezi yanaboresha udhibiti, hayatakupa mkono mwingine. Mpiga besi mwenye akili anapanga vidole vyake akilijua hilo.

Springi: inafundisha vidole vinne vifunge pamoja kwa nguvu. Wewe unataka kimoja kifunge na vitatu vitulie. Ukitaka kifaa cha bei nafuu chukua mpira ule wa kufungia noti za pesa, uzungushe kwenye ncha za vidole vyote vitano, kisha tanua mkono polepole na kuufunga polepole. Unafanyia kazi misuli ya kufungua, ambayo wapiga gitaa huisahau.

#6 Sebene_Tu

Daktari na heshima yako, mimi springi imenisaidia. Hayo mengine sijui.

#7 FundiGitaa_Amu (Lamu)

Assalaam alaykum. Mimi niko Amu, Langoni. Natengeneza vinanda, udi, magitaa, kila chenye uzi. Mzee wa Bango ameuliza swali la maana sana na watu wamelipita.

Vijana wengi wanaoniletea mikono inayouma, mikono haina neno. Besi ndiyo mgonjwa. Uzi mmoja wa besi yenye shingo ndefu unavuta kwa nguvu ya kilo 20 hivi, zaidi au pungufu kidogo kutegemea unene. Zidisha kwa 4. Mbao inapinda, na kwa hali ya hewa yetu ya Pwani, unyevu wa kusi ukiingia, inapinda zaidi. Shingo ikishapinda kuelekea mbele nyuzi zinapanda juu, na kila noti unaisukuma safari ndefu zaidi.

Chukua rula. Simamisha kwenye freti ya 12, pima kutoka juu ya chuma cha freti hadi chini ya uzi. Kwa besi iliyorekebishwa vizuri uzi mnene, ule wa E, uwe milimita 2 na nusu hivi, na mwembamba wa G uwe milimita 2 hivi. Wanaopiga kwa nguvu sana huacha juu kidogo ili zisigonge freti. Ukikuta 4, usijilaumu wewe wala mamako aliyekuzaa na vidole vifupi.

Kisha angalia shingo. Kandamiza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Uzi sasa umekuwa rula iliyonyooka. Tazama freti ya 7: panatakiwa nafasi ndogo, unene wa karatasi ngumu ya kadi. Pakiwa na pengo la kupita sarafu, shingo imepinda. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ya kuirekebisha, inazungushwa kwa kile kispana chenye umbo la L. Robo ya mzunguko, halafu acha, pima. Anayezungusha mzunguko mzima kwa hasira huniletea vipande viwili.

La mwisho, unene. Nyuzi nyingi za dukani ni seti ya 45 hadi 105, yaani uzi wa G unene wake ni sehemu 45 za elfu ya inchi na wa E ni 105. Seti ya 40 hadi 100 au 40 hadi 95 ni laini zaidi kwa kidole. Sauti inapungua unene kidogo, wengi hawataisikia tofauti hiyo dramu zikishaingia.

#8 KidoleChaMwisho (Malindi)

Fundi, nimepima. Uzi wa E milimita 4 kasoro kidogo. Freti ya 7 panapita sarafu ya shilingi bila kugusa. Na niliuziwa kama "mpya, iko tayari kwa kazi".

Naipeleka kwa fundi wiki hii. Mzee wa Bango, lete mazoezi ya mkono wa kushoto kwanza, na unieleze huyu kidole cha mwisho nimfanyeje.

#9 MzeeWaBango (Malindi)

Milimita 4! Unastahili medali kwa kufika mpaka mwisho wa ibada.

Sikiliza. Kitu cha kwanza, usianzie mazoezi freti ya kwanza. Kwenye besi ya kawaida, yenye uzi wa inchi 34 kutoka nati (kule mwisho wa shingo) mpaka daraja (linaloshika nyuzi mwilini), nafasi ya freti ya kwanza ni milimita 48 hivi. Ukifika freti ya 12 nafasi imeshuka chini ya milimita 26. Mkono ule ule, kazi karibu nusu. Anzia freti ya 7 mpaka ya 10, kidole kimoja kila freti: shahada 7, kati 8, pete 9, mwisho 10. Panda kutoka uzi wa E mpaka G, shuka kutoka G mpaka E. Ukizoea, sogea freti moja chini. Mkono ukianza kukaza, rudi juu. Wiki zikipita utajikuta kule chini bila kulazimisha.

Sharti la zoezi hili: kidole kikishapiga noti yake kibaki kimelala juu ya uzi mpaka kihitajike kwingine. Kisiruke. Tazama kwenye kioo kidole chako cha mwisho kinavyofanya wakati shahada inapiga: naamini kimesimama juu kama bendera. Kila sentimita kinayoinuka ni sentimita itakayobidi kirudi, na kasi inafia humo. Piga polepole kiasi kwamba unaweza kukiamuru kikae karibu na uzi, nusu sentimita, basi.

1-2-3-4 (shahada ni 1, mwisho ni 4) ikishakuwa rahisi, changanya: 1-3-2-4, 1-4-2-3, 4-2-3-1. Vidole vinne vina mipangilio 24. Usijaribu yote usiku mmoja. Chukua miwili kwa wiki, na chagua ile unayoichukia. Mipangilio yenye 3-4 na 4-3 ndiyo dawa yako. Halafu kugonga na kung'oa: piga noti ya kidole cha pete kwa mkono wa kulia, kisha gonga kidole cha mwisho kwenye freti inayofuata bila kupiga tena, kisha king'oe kwa kukivuta kidogo upande ili noti ya nyuma ilie. Sauti zote tatu ziwe sawa kwa ukubwa. Hapa ndipo nguvu halisi ya kidole inapojengwa, ila fanya kidogo. Mkono ukianza kuwaka moto, acha.

Sasa siri ambayo watoto wa video hawaambiwi. Kule chini, freti ya 1 mpaka ya 5, si lazima kidole kimoja kila freti. Wapiga besi kubwa ya kusimama, ile ya okestra, wana utaratibu wa zamani unaofungamanishwa na František Simandl, mwalimu wa karne ya 19: shahada freti moja, kati ya pili, halafu pete na mwisho vinashuka pamoja kwenye ya tatu. 1-2-4. Kidole cha mwisho kinapata ndugu wa kumshika mkono, na mkono wote unasogea badala ya kujitanua. Kwa mikono midogo hii ndiyo njia. Na aliyekuambia urudi kwenye kinanda, mwambie akapige yeye.

#10 Mwana_Wa_Watamu

Mzee, kwa siku dakika ngapi?

#11 MzeeWaBango (Malindi)

Robo saa ya kidole, kila siku, inashinda saa tatu za Jumamosi. Baada ya hapo piga nyimbo. Mtu wa mazoezi matupu hageuki mwanamuziki.

#12 Sebene_Tu

Sawa tumeelewa kushoto. Lakini kasi ni mkono wa kulia, tusidanganyane. Na hapo nina la kusema maana sebene ndiyo yangu. Wapiga besi wengi wa Kongo hawatumii shahada na kati kama mnavyofundishwa kwenye video za Wazungu. Wanatumia dole gumba na shahada: gumba linasukuma chini, shahada inavuta juu. Ile sauti ya kudunda, noti fupi fupi zenye nafasi, inatoka pale. Ukijaribu kuipata kwa vidole viwili vya kawaida utakimbia sana na bado isisikike vile. Kijana aijaribu hiyo kabla ya kusema hana kasi.

#13 MzeeWaBango (Malindi)

Leo umeongea. Hili nakubali lote. Kiganja kilale kidogo karibu na daraja ili noti zikatike fupi.

Ila vidole viwili pia avijue, kwa sababu bendi ya hotelini itamwitisha kila kitu usiku mmoja, kuanzia bango mpaka nyimbo za watalii wa Kitaliano. Na asidhani vidole vingi ndiyo kasi. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za Motown kule Detroit miaka ya 1960, alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, shahada. Mpaka kikapewa jina, "The Hook". Na nyuzi zake zilikuwa nene na ziko juu, fundi wa Amu angelia. Mbali na yeye kuna Steve Harris wa Iron Maiden, bendi ya roki ya Uingereza, vidole viwili, na zile mbio za farasi anazopiga usiku kucha. Billy Sheehan anatumia vitatu. Wote wanafika.

Mkono wa kulia basi. Laza dole gumba kwenye pikapu (ile sumaku iliyo chini ya nyuzi) au kwenye uzi wa E ukiwa unapiga nyuzi nyingine. Piga kwa ncha ya kidole, kwa kina kidogo tu. Wanaochelewa ni wale wanaoingiza kidole kizima chini ya uzi kana kwamba wanakitafuta kitu. Kidole kikishapiga uzi wa A kitue juu ya uzi wa E, kipumzike hapo. Ukishuka kutoka uzi mwembamba kwenda mnene, usibadilishe kidole: kile kile kilichotua kivute uzi uliotulia juu yake. Unapata noti ya bure.

Metronomu, ya kuhesabu mapigo, ipo bure kwenye simu. Weka mapigo 60 kwa dakika. Piga uzi mtupu wa A: noti moja kila pigo, kisha mbili, kisha tatu, kisha nne, halafu urudi chini. Shahada, kati, shahada, kati, bila kurudia kidole. Jirekodi kwa simu. Ukisikiliza utagundua kidole kimoja kinapiga kwa nguvu kuliko kingine, na mara nyingi mikato haiko sawa. Rekebisha hilo kabla ya kugusa namba ya metronomu. Noti nne kwa pigo katika mapigo 100 ni noti 400 kwa dakika, kila kidole 200. Zikiwa sawasawa watu watasema una kasi. Zikiwa na kilema, hata 500 zitasikika kama mtu anaanguka kwenye ngazi.

Na mkifika ukutani, namba haipandi tena, msisukume. Piga kipande kifupi, mapigo mawili tu, kwa kasi unayoitaka, kisha nyamaza mapigo mawili huku mkono umelegea kabisa. Tena. Mkono unafundishwa kukimbia na kulegea kwa pamoja. Ukiweza, ongeza kipande kiwe mapigo matatu.

#14 UdiNaRisha (Lamu)

Mimi si mtu wa besi, ni wa udi, lakini niongeze moja kwa sababu nyote mnahesabu kwa nne. Huku kwetu kuna chakacha, na chakacha inakwenda kwa sita. Mkipiga makundi ya noti tatu tatu kwa vidole viwili, pigo zito linaangukia shahada mara ya kwanza, mara ya pili linaangukia kidole cha kati, linabadilishana hivyo mpaka mwisho: shahada-kati-shahada, kati-shahada-kati. Asiyezoea, chakacha yake inachechemea, kundi moja lina uzito na linalofuata halina. Kijana afanye zoezi la tatu tatu, atie mkazo kwenye noti ya kwanza ya kila kundi, polepole. Nimemwona mpiga besi mwenye mbio za kutisha akishindwa na chakacha ya harusi kwa sababu hiyo.

Na sikilizeni udi wa marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa Lamu. Noti zinamwagika na husikii akihangaika. Kwa risha, ile ya kupigia udi, ama kwa kidole, huko ndiko kwa kuelekea.

#15 KidoleChaMwisho (Malindi)

Besi imerudi kutoka kwa fundi, sasa iko milimita 2 na nusu. Ni kama gitaa jingine. Lile zoezi la kugusa bila kukandamiza ndilo limenifungua macho zaidi.

Mkono_Salama, swali: siku mbili hizi nimezidisha mazoezi na kuna maumivu upande wa dole gumba, pale kwenye kifundo. Ni kawaida? Niendelee?

#16 Mkono_Salama (Malindi)

Usiendelee leo. Kuna uchovu wa misuli, ule wa kuwaka na kulegea ukipumzika. Huo ni wa kawaida. Maumivu makali ya mahali pamoja, yanayobaki asubuhi, au ganzi, hayo si ya kuvumilia. Upande wa dole gumba mara nyingi ni kano za gumba zimewashwa, na ulisema unabana shingo, kwa hiyo sishangai. Pumzisha gumba siku kadhaa, usibebe mtoto wala mtungi kwa mkono huo, na ukirudi rudi na nusu ya muda. Ganzi kwenye shahada na kidole cha kati, hasa usiku, angalia kifundo. Ganzi kwenye kidole cha mwisho, mara nyingi neva inabanwa kiwikoni. Isipoondoka, nenda hospitali uonwe. Jukwaani humu hatuwezi kukushika mkono.

Misuli inazoea kazi mpya haraka kuliko kano. Ndiyo sababu watu huumia pale wanapojisikia wamekuwa na nguvu.

Na ukipiga hotelini chini ya AC, pasha mikono kwanza. Maji ya vuguvugu yanatosha, uikaushe vizuri.

#17 Sebene_Tu

Kijana pumzika. Hata springi usiguse, nimesema mimi.

#18 Mwana_Wa_Watamu

Swali la pembeni kwa fundi wa Amu. Huku ufukweni nyuzi zinashika kutu upesi mno, zinakwaruza ncha za vidole na kasi yote inapotea maana kidole hakitelezi. Seti mpya ya besi si bei ya maandazi. Nasikia watu wanazichemsha, ni kweli?

#19 FundiGitaa_Amu (Lamu)

Ni kweli, na inafaa kwa uchafu, haifai kwa kutu. Uzi uliozungushiwa waya unabeba jasho na mafuta ya vidole kwenye mifereji yake, sauti inakufa. Zifungue, zizungushe duara, zitie kwenye sufuria ya maji yanayochemka dakika 10 hivi. Maji yatageuka rangi. Zitoe, zikaushe kwa kitambaa, halafu zianike mpaka zikauke kabisa ndani na nje, ndipo uzifunge. Zile zenye uzi wa rangi uliosokotwa kwenye ncha, ncha hiyo isiloane sana, itachakaa. Na usitumie maji ya kisima chenye chumvi, utakuwa umezipika kwenye kitu kile kile unachokikimbia. Hapa kwetu natumia maji ya mvua ya jabia.

Uhai unarudi kwa muda, si kama mpya, na kila ukizifungua na kuzifunga tena zinachoka pale zinapopinda kwenye vigingi. Kutu ikishaingia, uzi una vidonda ukiupapasa kwa ukucha, tupa, kwa sababu unakula freti pia.

Kuzuia ni rahisi zaidi: ukimaliza kupiga, pangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, rudisha besi ndani ya mfuko wake, usiiegemeze dirishani upande wa bahari. Ukiwa na uwezo nunua zilizopakwa utando wa plastiki, au zile bapa zisizo na mifereji. Bapa zinateleza chini ya kidole na zinakaa muda mrefu sana, ila ujaribu kwanza za mtu, kwa sababu nyingi zinavuta kwa nguvu zaidi na sauti yake ni ya kuzibazibika. Kwa bango nazipenda. Kwa sebene muulize Sebene_Tu.

#20 Sebene_Tu

Bapa kwa sebene hapana. Waya wa kawaida, seti ya 40, na upanguse kama alivyosema fundi.